Buji ya Moto, Buji ya Baridi

Pale Kavimvira, kaskazini ya Uvira, kwenye njia ya kwenda Gatumba na Bujumbura, kile kidude kinachotoa cheche ndani ya moteri ya boti kina majina mawili. Wenyeji husema buji. Mabaharia wanaoleta mizigo ya Kigoma hadi bandari ya Kalundu husema plagi. Muuza vipuri anaelewa yote mawili, ila akisikia buji peke yake huenda akauliza: "Papa, ni ya kuwasha mu nyumba ao ya moteri?" Maana huku buji ni mshumaa pia.

Lawama ziwaendee Wafaransa. Mshumaa waliuita kwa jina la bandari ya Béjaïa, Algeria, ambayo wao waliitamka Bougie, kwa sababu nta ilitoka huko. Kisha mwaka 1860 Étienne Lenoir, mzaliwa wa sehemu ambayo leo ni Ubelgiji, alitengeneza injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme, na kifaa cha cheche kikarithi jina la mshumaa. Waingereza hawakuutazama moto. Walitazama tundu linalozibwa, wakakiita kizibo. Mimi nachagua buji. Plagi tayari ina kazi nyingine ukutani, na kizibo hakisemi lolote kuhusu cheche, ambazo kwenye moteri ya mipigo miwili inayozunguka mara 5,000 kwa dakika hupita 80 kwa sekunde katika kila silinda.

Meli kubwa za mazuti hazina habari na mjadala huu: mazuti huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, bila buji. Wanaohusika ni wenye esanse. Kwenye Ziwa Tanganyika ukoo wao una historia ya kuchekesha: Desemba 1915 Waingereza walishusha majini, karibu na Kalemie ya leo, boti mbili ndogo za petroli walizozisafirisha nchi kavu, wapigane na meli za Wajerumani zilizotumia mvuke. Majina yake: Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa katika Kifaransa cha kitoto. Tarehe 26 mwezi huohuo boti hizo ziliiteka Kingani, mojawapo ya meli hizo za Wajerumani. Msomaji wa Kiswahili ana ruhusa ya kusoma "Mimi" kwa namna yake.

Turudi dukani. Sehemu za buji zina maneno mazuri ya Kiswahili, na inasikitisha kwamba hayatumiki. Ile nyeupe ni kauri. Hata herufi za NGK zinazoandikwa kwenye buji zilitoka kwa kampuni ya Kijapani ya vihami vya kauri. Michirizo ya kuzunguka inayoshika kwenye moteri ni hesi. Nafasi ambayo cheche huruka ni mwanya, neno lilelile la pengo la meno ya mbele ambalo Waswahili wamelihesabu kuwa urembo. Kwenye buji urembo huo una kipimo chake: namba 10 mwishoni mwa B7HS-10 ya NGK ni mwanya wa milimita 1.0.

Herufi nyingine nazo zisomwe kabla ya kutoa pesa. B ni upana wa hesi, milimita 14. H ni urefu wake, milimita 12.7; penye H ukiona E, urefu ni 19, na buji hiyo ikilazimishwa kwenye moteri ya H, ncha yake inaweza kugonga pistoni. Ikiwepo R, ndani kuna kizuizi cha kupunguza kelele za redio.

Inabaki 7, namba ya joto, na hapa ndipo lugha inapotuangusha. Mafundi husema buji ya moto na buji ya baridi, nasi tunadhani moja inachoma zaidi kuliko nyingine. Sivyo. Ncha ya buji yoyote inapaswa kukaa kati ya nyuzi 500 na 800 hivi: chini ya hapo masizi hayaungui, juu ya hapo mchanganyiko huwaka kabla ya cheche. Tofauti ni mwendo wa joto kutoka kwenye ncha kwenda kwenye kichwa cha silinda. Pua ndefu ya kauri hulichelewesha, pua fupi hulitoa haraka. Kwa hiyo ile ya moto ningependekeza iitwe buji tunzajoto, na ile ya baridi buji toajoto. Si maneno ya kuimbia, lakini yanasema kazi.

Na kazi hiyo inawahusu hasa wavuvi wa ndagala. Moteri yao inakunywa esanse iliyochanganywa na mafuta, na ikienda polepole kwa muda mrefu ncha haifiki joto la kujisafisha. Ukifungua, buji iliyo sawa ina rangi ya kahawia; nyeusi yenye unyevu imezidiwa na mafuta au inatoa joto haraka mno; nyeupe yenye malengelenge imeungua. Kwanza rekebisha kabureta na kipimo cha mafuta. Weusi ukiendelea, ndipo utafute tunzajoto ya hatua moja, tena uangalie jina la mtengenezaji: kwa NGK utashuka kutoka 7 hadi 6, kwa Champion namba hupanda.