Askofu wa Rulenge na Suala la Mali

Wakristo wakihubiriwa juu ya mali, aghalabu husomewa waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, unaoshutumu kuipenda fedha wala si fedha yenyewe, kisha sahani ya sadaka ikapitishwa na mambo yakaishia hapo. Walakini katika nchi ya Ngara na Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, alitokea askofu aliyeona kwamba somo hilo halitoshi, akaenda kulitafutia jawabu shambani.

Jimbo Katoliki la Rulenge lilipata jina hilo mwaka 1960, na Christopher Mwoleka akawa askofu wake mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililoufanya ujamaa kuwa siasa ya nchi. Ilhali makasisi kadha wa kadha waliuhofu ujamaa, wakidhani kwamba nyuma yake unanyemelea ukomunisti usiomjua Mungu, yeye alihamia kijiji cha ujamaa, akaishi na wakulima na kushika jembe pamoja nao.

Hoja yake, aliyoiandika katika miaka ya 1970, ilikuwa nyepesi hata ikawashangaza wanazuoni: Utatu Mtakatifu hatukufunuliwa ili uwe fumbo la kuwaumiza vichwa wanafunzi wa seminari, bali uwe kielelezo cha kuigwa. Maadamu Baba, Mwana na Roho hushirikiana yote waliyo nayo, bighairi ya mmoja kumnyima mwenziwe, sisi tulioumbwa kwa sura ya Mungu huyo tuna udhuru gani wa kujilimbikizia? Kwa mtazamo huo tamaa ya fedha haiwi tena udhaifu wa tabia, kama ulevi. Inakuwa kumkana Mungu kwa vitendo, hata kwa mtu asiyekosa misa.

Serikali nayo, kati ya 1973 na 1976, iliwahamisha watu vijijini kwa amri, na pengine kwa nguvu. Hapo ndipo, kwa rai yangu, ujamaa wa dola ulipoachana na ule wa askofu, kwani anayegawa kwa kuogopa mgambo hajagawa kitu. Mwoleka alizidi kutilia mkazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambamo majirani hukutana kwa hiari. Alistaafu mwaka 1996, akafariki mwaka 2002.

Tangu hapo dhahabu imechimbwa Tulawaka, Biharamulo, na nikeli ya Kabanga, Ngara, imefungiwa mkataba wa mwaka 2021 unaoipa serikali hisa za asilimia 16. Atakaye kuipima hoja ya Mwoleka leo asihangaike na vijiji vya ujamaa vilivyokwisha. Na aulize katika hisa hizo mkulima wa Ngara anafikiwa na nini.