Hadhira ya Peni Mbili: Wasomaji na Miisho Miwili ya Great Expectations

Imezoeleka katika mafunzo ya fasihi kutenga fasihi simulizi na fasihi andishi kwa kigezo cha hadhira. Katika simulizi, huelezwa, hadhira ipo mbele ya fanani: huitikia, hucheka, huhoji, na pengine humlazimisha mtambaji kuugeuza mwisho wa hadithi. Katika andishi msomaji huwa peke yake na kitabu kilichokwisha kukamilika. Apende asipende, neno halibadiliki. Kigezo hiki kina manufaa yake darasani. Hata hivyo historia ya riwaya hukipinga, na hakuna inayokipinga kwa uwazi zaidi kuliko ya Great Expectations ya Charles Dickens, kitabu ambacho wengi hukitaja kuwa kilele cha riwaya ya makuzi katika Kiingereza. Kilitungwa juma kwa juma mbele ya hadhira iliyokuwa ikingoja, mwisho wake ukabadilishwa kwa ajili ya hadhira hiyo, na mapenzi ya wasomaji wake tangu hapo yamekuwa, kwa sehemu kubwa, ubishi juu ya mwisho huo.

Yafaa kuanza na bei, kwa sababu bei ndiyo iliyoamua nani asome na asome vipi. Dickens alianzisha jarida la kila juma, All the Year Round, mwezi wa Aprili 1859, akaliuza kwa peni mbili. Katika majira ya kupukutika majani ya 1860 mauzo yalianza kushuka, kwani wasomaji walichoshwa na riwaya ya Charles Lever iliyokuwa ikichapishwa humo. Dickens alikuwa na hadithi mpya kichwani, akikusudia kuitoa kwa mfululizo mrefu wa kila mwezi. Alipoona jarida lake linayumba aliibana hadithi hiyo iingie katika mfululizo wa kila juma. Sehemu ya kwanza ilitoka tarehe 1 Desemba 1860 na ya mwisho tarehe 3 Agosti 1861. Jumla ni sehemu 36. Kwa hiyo ule ufupi wa sura zake na ile mikato inayomwacha msomaji roho juu, mambo ambayo wahakiki wa fani huyasifu kama ustadi wa msanii, yana asili yake katika kukimbia kwa wanunuzi. Hadhira ilikuwa imekwisha kusema kabla Pip hajazaliwa.

Aliyenunua sehemu zote 36 alilipa shilingi 6. Aliyetaka kitabu chenyewe, katika juzuu tatu zilizotolewa na Chapman and Hall mwezi wa Julai 1861, alilipa shilingi 31 na peni 6, yaani zaidi ya mara tano. Wengi wa tabaka la kati hawakununua juzuu hizo bali waliziazima kwa ada ya mwaka katika maktaba ya Mudie, ambayo ilichukua sehemu kubwa ya nakala zilizochapishwa. Lipo jambo dogo hapa ambalo halitajwi mara nyingi: juzuu tatu zilitoka karibu mwezi mmoja kabla ya mfululizo kumalizika. Mwenye shilingi 31 aliujua mwisho wa Pip, hali mwenye peni mbili angali anangoja.

Lakini mwenye peni mbili hakungoja peke yake. Jarida hilo lilikadiriwa kuuza nakala 100,000 hivi kwa juma wakati riwaya ikiendelea, na idadi ya waliolipokea kwa masikio ilizidi hiyo. Katika mwaka wa 1861, kwa ushahidi wa daftari za ndoa za Uingereza na Wales, wanaume wapatao 75 na wanawake wapatao 65 katika kila 100 waliweza kuandika majina yao. Waliosalia walitia alama. Kusoma kwa sauti, sebuleni, karakanani, katika vilabu vya pombe, kulikuwa desturi ya kawaida ya nchi hiyo. Mmoja alisoma, wengine wakasikiliza na kubashiri litakalofuata. Hadhira ya namna hii mtafiti wa ngano angeitambua mara moja.

Dickens aliifahamu vizuri, na aliitia ndani ya riwaya. Shule ya jioni ambamo Pip anajifunza herufi inaendeshwa na bibi kizee anayesinzia mbele ya wanafunzi, nao humlipa kila mmoja peni mbili kwa juma: bei ileile ya jarida lililokuwa mkononi mwa msomaji. Joe, mhunzi aliyemlea Pip, anapopewa maandishi huona furaha kubwa katika herufi mbili tu za jina lake, J na O, naye Pip mdogo anajaribu kumfundisha zaidi. Katika kilabu cha kijiji Bwana Wopsle anawasomea wenzake habari ya mauaji kutoka gazetini, akiigiza sauti za mashahidi wote, na ni katika kikao hicho ndipo wakili Jaggers anapojitokeza na kumtangazia Pip bahati yake. Hata Magwitch, mfungwa aliyerudi kwa siri kutoka New South Wales, anamtaka Pip amsomee kitabu cha lugha ya kigeni, si kwa kuwa anaielewa, bali kwa fahari ya kusikia kijana aliyemgharimia akiisoma. Maendeleo ya Pip, tangu kijana wa karakana hadi bwana mdogo wa London anayemwonea haya Joe, yanapimwa kwa kusoma, na kila anapopanda daraja anajitenga na wale waliokuwa wakisoma pamoja naye.

Ndipo tunapofika kwenye mwisho. Kama Dickens alivyouandika kwanza, Pip, baada ya miaka ya kazi ng'ambo, anakutana na Estella kwa bahati barabarani London, akiwa na mtoto mdogo wa Joe. Estella ameteswa na mume wa kwanza ambaye amekwisha kufa, na sasa ameolewa na daktari. Anadhani mtoto yule ni wa Pip. Wanaongea kidogo, wanaachana. Basi. Mwezi wa Juni 1861 Dickens alimpa prufu mwandishi mwenziwe, Edward Bulwer-Lytton, naye akamsihi asimwache Pip katika upweke ule. Dickens aliuandika mwisho upya: wawili hao wanakutana jioni katika magofu ya nyumba ya Bibi Havisham, ukungu ukiinuka, na wanaondoka wameshikana mikono. Kwa rafiki yake John Forster alieleza kwamba hakuwa na shaka hadithi ingekubalika zaidi kwa badiliko hilo. Katika toleo la 1862 aliyagusa tena maneno ya mwisho kabisa.

Hakuna aliyejua. Umma ulisoma mwisho wa pili kwa zaidi ya miaka kumi, ukauamini, mpaka Forster alipoutoa ule wa kwanza katika juzuu ya tatu ya wasifu wa Dickens, yenye tarehe ya 1874, akisema kwamba ndio uliolingana zaidi na hadithi. Tangu hapo wapenzi wa kitabu wamegawanyika. George Gissing, katika uhakiki wake wa 1898, alimlaumu Bulwer-Lytton kwa kuiharibu kazi ya mwenziwe. George Bernard Shaw alikwenda mbali zaidi: toleo alilolisimamia mwaka 1937 lilichapishwa kwa mwisho wa kwanza. Matoleo ya kitaaluma ya siku hizi huchapa yote miwili, na kumwachia msomaji achague, jambo ambalo hakuna mchapishaji wa 1861 angelifikiria.

Lawama aliyotwikwa Bulwer-Lytton imepita kiasi. Ni kweli riwaya yake mwenyewe ndiyo iliyopangwa kufuata katika kurasa zilezile za All the Year Round, na mtu anayengoja zamu hapendi wateja waondoke na huzuni. Lakini Dickens hakuwa mtu wa kuburutwa. Tangu 1858 alikuwa akisimama majukwaani akiwasomea maelfu hadithi zake kwa malipo, akiona kwa macho yake penye kicheko na penye kilio. Hata Great Expectations aliitengenezea nakala ya kusomea jukwaani, ingawa hakuwahi kuitumia. Mtu wa namna hiyo anaposikia sauti ya msikilizaji mmoja anasikia sauti za wengi. Na mwisho wa pili si wa furaha kama washtaki wake wanavyodai: Pip ndiye msimulizi, na hakuna mahali anaposema kwamba alimwoa Estella.

Wapo wasomaji wengine ambao ubishi huo haukuwahesabu. Fedha iliyomfanya Pip kuwa bwana ilichumwa koloni, na Edward Said, katika utangulizi wa kitabu chake cha 1993 juu ya utamaduni na ubeberu, alionyesha kwamba Magwitch aliruhusiwa kutajirika huko lakini si kurudi nyumbani. Mwaka 1997 Peter Carey wa Australia alimpa mfungwa huyo riwaya yake mwenyewe, Jack Maggs. Nchini Kenya Dickens aliingia kwa mlango wa shule ya kikoloni: Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza, katika Decolonising the Mind ya 1986, kwamba alimsoma kwanza katika matoleo yaliyorahisishwa, pamoja na Stevenson na Rider Haggard. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipodai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Afrika iwe kitovu cha mafunzo, na fasihi simulizi ipewe nafasi yake, Uingereza ya Dickens ndiyo iliyotakiwa kusogea kando. Dai lilikuwa la haki. Ila kilichosogezwa kilikuwa Dickens wa kitabu cha mtihani, aliyekwisha kunyang'anywa wasikilizaji wake.

Wasikilizaji hao wamerudi katika riwaya ya Lloyd Jones wa New Zealand, Mister Pip, ya mwaka 2006. Katika kisiwa cha Bougainville kilichozingirwa na vita, mzungu pekee aliyebaki anawasomea watoto Great Expectations kwa sauti. Nakala inapopotea, watoto wanaijenga upya kwa kumbukumbu, huyu akileta kipande, yule akileta kingine. Miaka baadaye Matilda, aliyekuwa mmoja wao, anakipata kitabu kamili na kugundua kwamba mwalimu alikuwa akikipunguza alipokuwa akisoma, akiacha nje wahusika wazima, na kwamba hadithi iliyowaweka hai siyo hasa aliyoiandika Dickens.