Kopo la Kung'arisha: Historia Fupi ya Kumtunza Farasi kwa Pesa Kidogo

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Nakivale. Alikuwa dada mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akiba ambacho mimi mwenyewe nilikuwa mwanachama kabla sijahamia Kampala.

"Mdogo wangu, habari za mjini? Sisi huku tumepata punda wawili wa kubeba maji na kuni. Kwenye sanduku zimebaki laki mbili. Muuza dawa anasema tununue kopo la vitamini, punda atang'aa na kupata nguvu. Wewe si umekaa na farasi? Tununue?"

Nilimwambia, "Dada, naomba siku chache. Jibu lipo, ila ni refu."

Jibu lenyewe ni hili. Nimeliandika kama historia, kwa sababu swali la yule dada si geni. Watu wameliuliza katika nchi hizi kwa zaidi ya miaka 150, na kosa lake limewahi kulipwa kwa roho za watu.

Nianze na kosa langu. Mimi nilikulia Masisi, kwenye ng'ombe. Farasi nilikuwa nawaona kwenye picha tu. Nilipofika Kampala nikapata kazi kwa tajiri mmoja wa Bugolobi aliyekuwa na farasi wawili kwenye kiwanja cha kukodi nje kidogo ya mji. Kazi hiyo Kiswahili cha zamani kinaiita usaisi; saisi ni mtunza farasi. Kila mwisho wa mwezi nilipanda boda mpaka Bugolobi, nikapanda ngazi hadi kwake, nikapewa pesa ya matumizi. Mambo yake yalipoharibika akauza farasi mmoja, akabaki na jike mzee ambaye sisi vijana tulimwita Bibi. Bajeti ikashuka hadi laki mbili kwa mwezi, kila kitu humo humo.

Bibi akaanza kukonda. Mbavu zikahesabika. Mimi nikaingiwa na hofu, maana farasi akifa, kazi nayo imekufa, na nyumbani kwangu kuna watoto watatu. Nikaenda mjini kwenye maduka ya dawa za mifugo, nikaonyeshwa kopo lenye picha ya farasi mweusi anayemeta kama kiatu kipya. Shilingi 140,000. Nikanunua. Baada ya wiki tatu manyoya ya Bibi yaling'aa kweli. Tajiri alikuja kumwona, akafurahi, akanipiga bega. Lakini mbavu zilikuwa pale pale, na mimi sikuwa na hata shilingi ya kumwita daktari.

Sasa twende nyuma.

Ukisimama Bugolobi ukaangalia upande wa ziwa, barabara iliyo mbele yako ni ya Port Bell. Magari yanapita kuelekea Luzira, na wengi hawajui Bell alikuwa nani. Hesketh Bell alitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kuanzia 1906. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa unamaliza watu pembezoni mwa ziwa, Busoga na Buganda. Inakadiriwa waliokufa katika miaka ile walizidi 200,000. Daktari David Bruce, aliyefika Entebbe mwaka 1903, alithibitisha kwamba ugonjwa unabebwa na mbung'o. Dawa ya kuponya haikuwepo, basi Bell akaamuru watu waondolewe karibu na maji. Vijiji vya pwani ya ziwa vikahamishwa, na mwaka 1909 hata visiwa vikaondolewa watu. Wavuvi wakapelekwa wasikokujua, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Sisi tunaosoma gazeti hili hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Bruce alijua pa kutazama kwa sababu alikuwa ameshamkuta mbung'o kwa wanyama. Mwaka 1894 na 1895, kule Zululand, alikuwa ameonyesha kwamba nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe na farasi, unaletwa na mdudu huyo huyo. Hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya farasi awe mgeni huku kwetu. Ng'ombe wa asili wengine huvumilia kidogo. Farasi akiumwa na mbung'o mwenye vijidudu hukonda, huishiwa damu, hufa. Hata jina lake limetoka mbali: Kiswahili kimelichukua kwenye Kiarabu, na Luganda kinamwita embalaasi.

Binadamu lakini hakubali kushindwa. Alitafuta kopo.

David Livingstone, yule mmisionari, aliandika habari moja mwaka 1858 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Miaka kama kumi kabla yake, kusini mwa Afrika, alipata farasi jike aliyekuwa ameumwa na mbung'o. Akampa arseniki, sumu ile ile ya panya, kiasi kidogo kila siku ndani ya shayiri. Manyoya yakalainika, yakang'aa, hata yeye akadhani amemponya. Baada ya miezi kama miwili manyoya yakasimama tena, yakakauka. Akajaribu arseniki mara ya pili, mnyama akabaki mifupa, akakataa kula, akafa kwa kuishiwa nguvu.

Niliisoma habari hiyo Bugolobi, kwenye kabati la vitabu la tajiri, siku nikimsubiri atoke kuoga. Nilihisi kama ninasomwa mimi. Kumbe huko Ulaya pia, karne ile ya 19, walikuwako masaisi waliowapa farasi arseniki kwa siri ili wang'ae mbele ya mnunuzi. Kung'aa ni kitu cha kwanza ambacho mwenye pesa anakiona, kwa hiyo ndicho cha kwanza kuuzwa.

Habari ya Livingstone ilikuwa ya farasi mmoja. Mwaka 1916 ikawa ya maelfu.

Februari mwaka huo Jenerali Smuts alichukua uongozi wa jeshi la Waingereza lililokuwa likipigana na Wajerumani wa Tanganyika. Alitoka Afrika Kusini na askari wengi wa farasi, akitaka vita ya mbio. Wakashuka kutoka Moshi kwenda Kondoa Irangi katikati ya masika. Farasi wakaanza kuanguka njiani: mbung'o, ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, matope, njaa, kazi isiyo na mapumziko. Madaktari wa mifugo wa jeshi walijua hali ilivyo. Waliwapa arseniki, na lengo halikuwa kuponya. Lengo lilikuwa kumwongezea mnyama wiki chache za kutembea kabla hajafa. Wakiisha, wanaletwa wengine. Pesa iliyotumika ingetosha kujenga miji.

Wanyama walipokwisha, mizigo haikwisha. Ilipandishwa vichwani pa watu. Wapagazi walikusanywa Kenya, Uganda, Nyasaland, Tanganyika kwenyewe, wengi kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa walikufa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Na sisi Wakongo tusisahau: jeshi la Wabelgiji lililoingia Tabora Septemba 1916 nalo lilitembea juu ya migongo ya wapagazi wa kwetu. Hao hakuna soko lililoitwa kwa jina lao.

Naomba wasomaji, hasa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, waliangalie jambo hili vizuri. Wale maofisa hawakuwa wajinga. Walikuwa na madaktari na walikuwa na pesa. Kosa lao ni kwamba walinunua dawa ya kusogeza mbele kifo, badala ya kuuliza kama mnyama yule anafaa mahali pale, anakula nini, anapumzika saa ngapi. Aliyekuja kulipa hesabu hiyo hakuwa aliyenunua.

Turudi kwa Bibi. Nilikopa kwa jirani, nikamwita daktari wa mifugo. Yule mzee hakufungua mkoba. Alimtazama Bibi akila, akaokota chini vibonge vya majani vilivyotafunwa nusu na kutemwa. Akaniambia, "Kijana, huyu ana njaa mbele ya chakula. Meno." Meno ya farasi huendelea kuchomoza maisha yake yote, na kingo zake zikichongoka hukata mashavu na ulimi. Akayapiga tupa. Malipo yake yalikuwa chini ya nusu ya bei ya kopo. Baada ya miezi miwili mbavu zilikuwa zimefunikwa, na manyoya yaling'aa bila kopo.

Tangu siku hiyo nina mpangilio wangu wa pesa, na ndio niliompa yule dada. Kwa punda ni vile vile, ila kiasi kinapungua.

Kwanza ni majani na maji. Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku, na maji jerikeni mbili za lita 20, joto likizidi hata zaidi. Punda wa kilo 150 anatosheka na kilo 2 hadi 3 za majani, na jerikeni moja ya maji awekewe karibu. Ni aibu mnyama abebe maji ya kijiji kizima na yeye alale na kiu. Pumba za mahindi zisigeuzwe chakula kikuu. Zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na mnyama akizila kwa muda mrefu mifupa yake inalegea.

Pili ni kwato na meno. Kwato zisafishwe kila siku kwa kijiti kisicho na ncha kali, zikatwe na mtu anayejua kila wiki sita hadi kumi. Meno yaangaliwe mara moja kwa mwaka.

Tatu ni chumvi, na hapa historia iko upande wetu. Chumvi ya Katwe, kule Kasese, ilikuwa ikisafirishwa mbali kabla mzungu hajafika. Mwaka 1891 Lugard alijenga ngome pale ili aishike biashara hiyo. Kibiro, kwenye ziwa Albert, akina mama wanachuja chumvi kutoka kwenye udongo mpaka leo. Wafugaji wamewalambisha ng'ombe chumvi hizi vizazi na vizazi. Bonge la chumvi na maji safi kando yake linashinda makopo mengi, na bei yake ni ya sokoni.

Nne ni matandiko. Gunia lililojazwa nyasi laini, lenye kitambaa cha pamba upande wa ngozi, linazuia kidonda. Kamba ya nailoni juu ya ngozi tupu inatengeneza kidonda kitakachokula pesa yote ya dawa.

Tano, pesa ya daktari iwekwe kando na isiguswe. Mnyama akikonda bila sababu, apimwe damu na kinyesi kwanza, ndipo dawa inunuliwe. Dawa ya minyoo au ya nagana ya kubahatisha ni arseniki ya Livingstone kwa jina lingine.

Makopo yaje mwisho, pesa ikibaki.

Na kuna viwili vya kukataa hata vikitolewa bure. Chakula cha kuku au cha ng'ombe chenye dawa inayoitwa monensini kinaua farasi na punda, hata kikiwa kidogo. Na dawa ya kupe yenye amitrazi, ambayo wenye ng'ombe wengi wanaitumia, humfunga farasi tumbo mpaka afe. Wauzaji wengine hawajui. Uliza, soma karatasi ya kopo, au mpe mtoto anayesoma shule akusomee.

Nilimpigia yule dada, nikamsomea haya yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa wanachama nitawaambia nini? Wameshaliona kopo. Chumvi na jerikeni hazina picha."

Hapo alinishinda, na sina jibu zuri. Nilimwambia awaeleze habari ya wale farasi wa 1916 na nani alibeba mizigo baadaye.

Juzi amenitumia ujumbe. Kikundi kiligawanyika, wakabishana mpaka jioni. Mwisho wamenunua bonge la chumvi, jerikeni mbili, magunia manne ya kushonea matandiko, na shilingi 120,000 wameziandika kwenye daftari kwa jina la daktari. Mzee mmoja bado amekasirika kuhusu kopo. Punda bado hawang'ai. Amesema lakini wanakula vizuri, na asubuhi ya kwanza walipobeba jerikeni kutoka bombani, watoto watatu waliokuwa wakichota maji kila siku walifika shuleni mapema.