Pua Iliyopotea: Historia Fupi ya Pagi

Mwezi uliopita mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, alinitumia video fupi kwenye WhatsApp. Ndani yake kuna mtoto wa mbwa mwenye uso bapa na macho makubwa kama gololi, amelala kwenye blanketi, anakoroma. Chini akaandika: "Kaka, sikia anavyokoroma kama babu! Kesho natanguliza hela."

Mbwa mwenyewe ni wa aina inayoitwa pagi. Sisi tumekulia Tanga na mbwa koko wa kulinda kuku, wenye pua ndefu na mbavu za kuhesabika, kwa hiyo nilielewa kwa nini huyu alimteka. Lakini ile sauti ya kukoroma ilinikaa masikioni. Hivi mtoto wa wiki chache anakoroma kwa nini? Nikamwomba anipe siku mbili kabla hajatoa hata senti. Niliyoyapata katika siku hizo mbili ndiyo haya.

Asili ya pagi ni China, ambako mbwa wadogo wenye nyuso fupi walifugwa katika kasri za wafalme. Katika karne ya 16 walianza kufika Ulaya kwa meli za wafanyabiashara, na Waholanzi wakawapenda kupita kiasi. Mapokeo yanasema kwamba William wa Orange na mkewe Mary, waliotawazwa London mwaka 1689, walikuja na pagi wao kutoka Uholanzi. Baada ya hapo mabibi na mabwana wa Uingereza nao wakamtaka.

Sasa, alikuwa na sura gani? Jibu lipo ukutani. Mwaka 1745 mchoraji William Hogarth alijichora yeye na mbwa wake, pagi aliyeitwa Trump. Picha hiyo ni ya jumba la Tate, na niliwahi kuiona London miaka michache iliyopita. Wapenzi wa vitabu wataifurahia kwa sababu nyingine: picha ya Hogarth imechorwa kana kwamba imeegemezwa juu ya vitabu vya Shakespeare, Milton na Swift. Pembeni yake kakaa Trump. Nakiri siku ile nilimpita nikidhani ni mbwa wa aina nyingine kabisa, maana ana pua! Si ndefu kama ya koko wetu wa Tanga, lakini ni pua inayoonekana, inayochomoza usoni. Na miguu yake ni mirefu kuliko ya pagi wa leo.

Jane Austen naye ana pagi wake. Katika riwaya ya Mansfield Park, iliyotoka mwaka 1814, Lady Bertram anashinda kwenye kochi na mbwa wake, na siku anapomfurahia Fanny anamwahidi mtoto wa mbwa katika uzao ujao. Wasomaji hucheka hapo, kwa kuwa kwa mama yule hakuna heshima inayopita hiyo. Mimi safari hii nilisoma jambo jingine. Fanny anamjua mama wa mbwa atakayepewa. Anajua kalala wapi, kala nini na anapumuaje. Hilo la kawaida kabisa ndilo lililokuja kupotea baadaye.

Pua ilianza kupotea katika zama za Malkia Victoria, ambaye mwenyewe alifuga pagi. Mwaka 1873 ilianzishwa London Kennel Club, chama cha kusimamia nasaba na mashindano ya mbwa. Mwaka 1883 wapenzi wa pagi wakaunda chama chao. Sifa za mbwa bora zikaandikwa, waamuzi wakawekwa, vikombe vikatolewa. Pagi alitakiwa awe na mdomo mfupi. Sasa fikiria: wakishindana mbwa wawili, mwenye mdomo mfupi zaidi akapewa kikombe, mwakani kila mfugaji atataka mbegu ya nani? Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa wafugaji walisifiwa kwa ufupi wa pua, wakazidi kuifupisha, kizazi baada ya kizazi. Na sisi wanunuzi tukapiga makofi.

Tatizo ni kwamba fuvu lilipofupishwa, vilivyomo ndani havikupungua kwa kiasi hichohicho. Ni kama kulilazimisha godoro la futi sita kuingia kwenye kitanda cha futi nne. Kaakaa laini linajazana kooni na matundu ya pua yanabana. Ndiyo maana wengi wao hukoroma, huhema kwa shida, na huweza kuzirai kwenye joto, kwani mbwa hujipoza kwa kuhema. Macho yaliyojitokeza nje huchubuka kirahisi na kupata vidonda. Mikunjo ya uso hushika unyevu na uchafu. Kile tunachokiita mikoromo ya babu mara nyingi ni mnyama anayetafuta hewa.

Mwaka 2008 BBC ilirusha filamu kuhusu mbwa wa nasaba iliyozua kelele kubwa. Ilieleza utafiti wa Imperial College uliokadiria kwamba pagi wapatao 10,000 wa Uingereza wana utofauti wa kinasaba sawa na wa mbwa 50 tu, kwa sababu ya kuzalishana ndugu kwa ndugu. Na mwaka 2022 watafiti wa Royal Veterinary College, London, walionyesha kwamba pagi ana uwezekano karibu mara mbili wa kupata maradhi kuliko mbwa wengine.

Hata hivyo simlaumu mdogo wangu. Pagi ni mbwa mpole, mcheshi, anapenda watu na watoto, na kwa kilo zake sita hadi nane anaenea hata kwenye chumba cha kupanga. Swali ni nani anamzalisha, na kwa kufuata nini.

Nikamwandikia hivi. Tangu Aprili 2020, sheria ya England inawakataza madalali kuuza mbwa wa chini ya miezi sita. Unanunua kwa aliyemzalisha, na unamwona mtoto akiwa na mama yake. Kwa hiyo mwombe umwone mama, nyumbani. Mtembeze kidogo, kisha nyamaza umsikilize anavyopumua. Uliza kama wazazi wote wawili wamepimwa pumzi: Kennel Club na Chuo Kikuu cha Cambridge wana kipimo cha daraja 0 hadi 3, ambapo daktari humsikiliza mbwa kwa kifaa kabla na baada ya kumkimbiza kidogo. Sifuri ni mzima, tatu hafai kuzalishwa. Usimchukue mtoto kabla ya wiki nane. Chagua mwenye matundu ya pua yaliyo wazi, hata kama mwenzake ana sura ya kuchekesha zaidi. Na mfugaji asipokuuliza wewe swali lolote, jiulize kwa nini.

Kesho yake jioni akanipigia. Yule muuzaji alikuwa amesema mama wa mbwa yuko kwa shangazi yake, mbali, lakini wanaweza kukutana kwenye maegesho ya magari ili asisumbuke. Nikakaa kimya. Naye akakaa kimya. Kisha akasema, "Basi, kaka. Nimeelewa."

Huyu mtoto wa kwenye video sijui yuko kwa nani sasa, na inaniuma kidogo. Mdogo wangu amepata mfugaji mwingine, mama mmoja mtu mzima ambaye mbwa wake wamepimwa wakapata sifuri na moja. Hana watoto wa mbwa kwa sasa, kuna foleni. Tena kabla ya kumwandika kwenye orodha alimhoji karibu saa nzima: anafanya kazi saa ngapi, nani atabaki na mbwa mchana, kiangazi nyumba inakuwa na joto gani, na kama akishindwa kumtunza atakubali kumrudisha kwake.

"Yaani kanihoji kama naomba viza," alilalamika.

Mimi nilicheka, nikamwambia asubiri foleni.