Taa Iliyofifia London

Zamani za Malkia Victoria, kabla ya umeme kuingia majumbani, nyumba nyingi za London ziliangazwa kwa gesi ya makaa ya mawe iliyopitishwa chini ya barabara katika mabomba, biashara iliyoasisiwa na kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1812. Gesi hiyo ilikuwa na tabia moja: kwa kuwa taa zote za nyumba zilitegemea bomba moja, ukiwasha moja ghorofani, zile za chini hupungukiwa na nguvu, nuru yake ikafifia.

Juu ya jambo hilo dogo, mtungaji wa Kiingereza Patrick Hamilton alijenga tamthilia yake *Gas Light*, iliyochezwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1938. Mume, ambaye miaka mingi nyuma alimuua ajuza katika nyumba ile ile kwa tamaa ya vito, hujidai kutoka kila usiku, kumbe hurejea kwa siri orofa ya juu kuvitafuta. Na mkewe, aonaye taa zikififia na kusikia nyayo juu ya dari, huambiwa kwa upole wa kinafiki kwamba akili zake zimeharibika. Hapa ndipo ulipo ustadi wa Hamilton, kwani taa ile ile imtiayo mwanamke wasiwasi ndiyo shahidi wa pekee kuwa ana akili timamu.

New York waliipokea kwa jina la *Angel Street*, ikachezwa mara 1,295. Mwaka 1940 Thorold Dickinson aliifanya filamu Uingereza, kisha kampuni ya MGM ya Marekani ikanunua haki zake na, ili filamu yake isipate mshindani, ikajaribu kuangamiza nakala za ile ya kwanza. Yaani ilitaka watu waambiwe kuwa walichokiona hakikuwapo, ghiliba ambayo mume yule angeistahi. Filamu ya MGM, iliyoongozwa na George Cukor, ilitoka mwaka 1944, ikampatia Ingrid Bergman tuzo ya Oscar, na kumtoa hadharani binti aitwaye Angela Lansbury katika nafasi ya mtumishi mjeuri.

Bergman hana mfano, hilo silikanushi. Walakini kwa hofu iliyobanwa ndani ya kuta nne, bila anasa za Hollywood, kazi ya Dickinson ndiyo bora, na kwa bahati njema nakala zake zilisalimika.