Nauli ya Wengi: Ndege za Wanafunzi Kutoka Nairobi Kwenda Marekani, 1959–1963

Katika Kiswahili cha leo neno ughaibuni hutajwa kwa nchi yoyote ya mbali ambako kijana huenda kusoma au kutafuta kazi, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutokuwapo mbele ya macho, ilhali vijana wa Kenya, kwa mtindo wao wa mjini, huita huko huko majuu. Maneno yote mawili humtazama msafiri kwa jicho la mtu aliyebaki nyumbani: kwa neno la kwanza msafiri ametoweka, kwa la pili amepanda juu. Historia ya safari za ndege zilizowachukua karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani kwenda vyuo vya Marekani na Kanada kati ya 1959 na 1963 inaonyesha jicho la tatu, ambalo halikupata jina la mkato, nalo ni la jamii iliyomtazama msafiri kama mtu iliyemtuma yenyewe, kwa fedha zake, na kwa shughuli inayojulikana.

Sababu ya kwanza ya safari hizo ilikuwa uhaba wa nafasi. Chuo cha Makerere, kilichoanzishwa Kampala mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuanza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ndicho kilichotegemewa na Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, na mlango wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mwanafunzi aliyefaulu vizuri mtihani wa Cambridge, yaani mtihani wa kumaliza shule ya sekondari uliosahihishwa Uingereza, angeweza bado kuachwa nje. Nairobi ilikuwa na chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, lakini Kenya haikuwa na chuo kikuu. Juhudi za Waafrika wenyewe zilikuwa zimekatwa kwa nguvu: hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kutokana na vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilizifunga shule huru za Wakikuyu, na chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi tangu 1939, kikafungwa pia, na Githunguri ikageuka mahali pa kunyongea watu. Ni vigumu kupata mfano mwingine unaoeleza kwa uwazi kiasi hicho namna utawala ule ulivyoiona elimu ya Mwafrika.

Mwanzilishi wa chuo hicho, Peter Mbiyu Koinange, alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza wa Kenya kufuata masomo Marekani, kwani aliondoka mwaka 1927 kwenda Hampton, Virginia, katika taasisi iliyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, na hatimaye akapata shahada ya uzamili, yaani shahada ya pili, katika Chuo Kikuu cha Columbia. Waliomfuata walikuwa wachache, na kila mmoja alijitafutia njia yake. Mugo Gatheru alipitia India kabla ya kufika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, mwaka 1950, na huko alikabiliwa kwa miaka kadhaa na shauri la idara ya uhamiaji ya Marekani lililotaka arudishwe kwao. Julius Gikonyo Kiano alirejea Nairobi mwaka 1956 akiwa Mkenya wa kwanza mwenye shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo ya juu kabisa, na kuonekana kwake kulifanya kazi ambayo maneno yasingeweza kuifanya, kwa sababu kila mzazi aliyemwona alitambua kwamba jambo hilo linawezekana.

Mtu aliyeigeuza njia hiyo ya mmoja mmoja kuwa barabara ya wengi alikuwa Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge la mlowezi. Akawa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi, kisha kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akaenda Oxford kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, kinachofundisha wafanyakazi. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mboya mwenyewe hakuwa na shahada, na pengine ndiyo maana alihisi kwa uchungu zaidi hasara ya kijana mwenye akili aliyekwama kwa kukosa nauli. Katika ziara yake ya Marekani mwaka 1959 alihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi mji baada ya mji, akiomba vyuo vitoe ufadhili, yaani nafasi ya masomo isiyodaiwa karo.

Vyuo vingi vilikubali, lakini ufadhili huo ulikuwa na pengo kubwa, kwani karo ilipofutwa bado ilibaki nauli ya ndege, ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi ilikuwa kipato cha miaka. Suluhisho la Mboya na rafiki yake, mfanyabiashara William Scheinman wa New York, lilikuwa kukodi ndege nzima na kuijaza wanafunzi, ili gharama ya kila kiti ishuke na fedha zichangwe kwa pamoja. Shirika lililoundwa kwa ajili hiyo lilitoa ombi la michango kwa umma wa Marekani, na ombi hilo lilitiwa sahihi na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, Wamarekani weusi watatu mashuhuri ambao wakati huo huo walikuwa wakipigania haki za watu wao. Ukweli huo unastahili kukumbukwa, maana fedha za kwanza zilitoka kwa maelfu ya watu wa kawaida waliosoma ombi lao, wakati serikali kubwa zilikuwa bado hazijashtuka.

Upande wa Kenya, Mboya, Kiano na Kariuki Njiiri, aliyekuwa pia amesoma Marekani, walipokea maombi na kuchagua, huku vijiji vikichangisha. Kulikuwa na karamu za chai ambamo kila aliyeingia alilipa, kulikuwa na dansi, na kulikuwa na mbuzi na ng'ombe waliouzwa na jamaa ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kijana alihitaji koti, viatu, sanduku, pasipoti, viza, na kiasi fulani cha fedha za matumizi, na kila kimojawapo kilikuwa na watu nyuma yake. Aliyepanda ndege kwa nauli ya namna hiyo hakuweza kusema kwamba safari ni yake peke yake, na kumbukumbu walizoandika baadaye wasafiri hao zinarudia jambo hilo mara nyingi: walijua majina ya waliotoa.

Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwemo Pamela Odede, aliyekuwa akielekea chuo cha wanawake katika jimbo la Ohio huku baba yake, Walter Odede, aliyekaimu uongozi wa chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya, KAU, baada ya kiongozi wake, Jomo Kenyatta, kukamatwa, akiwa kizuizini tangu 1953. Binti huyo aliolewa na Mboya mwaka 1962. Alikuwemo pia Philip Ochieng, aliyepelekwa Chicago na ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waandishi wa habari wenye kalamu kali zaidi Nairobi na Dar es Salaam. Barack Obama, baba wa rais wa zamani wa Marekani mwenye jina lile lile, huhesabiwa mara nyingi katika kundi hili, na ni kweli kwamba alikwenda Hawaii mwaka 1959 na kwamba shirika lile la kukodi ndege lilimsaidia kwa kiasi fulani, lakini hakusafiri katika ndege ile, na fedha za familia ya Kennedy, zitakazoelezwa hapa chini na ambazo rais huyo alizitaja katika hotuba yake ya Selma mwaka 2007, hazikuwa zimetolewa bado wakati baba huyo alipoondoka.

Serikali ya kikoloni haikuzipenda safari hizo. Maofisa wake walidai kwamba vyuo vya Marekani ni vya daraja la chini, kwamba vijana wangefika bila maandalizi na kuaibika, na kwamba wenye uwezo wa kweli wangepata nafasi Makerere au Uingereza. Hoja ya ubora haikuwa ya kupuuzwa yote, kwa kuwa vyuo vilivyotoa ufadhili vilitofautiana sana, lakini kwa mtu aliyenyimwa nafasi nyumbani haikuwa na uzito, na nyuma yake ilionekana hofu iliyo wazi zaidi, kwamba nchi ingepata wasomi ambao London haikuwachagua.

Mwaka 1960 jambo hili liliingia katika uchaguzi wa Marekani. Wanafunzi zaidi ya 200 walikuwa wamepata ufadhili na fedha za ndege hazikuwepo. Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikutana na Seneta John F. Kennedy, mgombea wa chama cha Democratic, nyumbani kwake Hyannis Port, Massachusetts, na wakfu wa familia hiyo, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya hisani na kupewa jina la ndugu yake aliyeuawa vitani, uliahidi dola 100,000. Makamu wa Rais Richard Nixon, mgombea wa Republican, aliyekuwa ameombwa na Jackie Robinson, aliisukuma serikali mpaka nayo ikatoa ahadi ya kiasi hicho hicho, ikiwa imechelewa, na seneta mmoja wa chama chake akasimama kumshutumu Kennedy kwa kununua sifa kwa fedha za wakfu. Hivyo wagombea wawili wa urais wa taifa kubwa waligombania kumlipia nauli mtoto wa mkulima wa Nyeri au Nyanza, na kila mmoja wao alikuwa akiwatazama pia wapiga kura weusi wa Marekani pamoja na vita baridi vilivyokuwa vimefika Afrika.

Ndege za Septemba 1960 zilimbeba Wangari Maathai, ambaye wakati huo aliitwa Mary Josephine Wangari, mwenye miaka 20, aliyetoka shule ya Loreto huko Limuru na kupendekezwa kupitia Kanisa Katoliki. Njia yake ilipita Benghazi, Luxembourg, Reykjavik na Newfoundland kabla ya New York, kwa maana ndege za wakati huo zilihitaji kutua mara kwa mara kujaza mafuta, na jangwa la Sahara, ambalo alilijua kutoka kwenye ramani ya shuleni, liliendelea chini yake kwa saa nyingi. Kutoka New York yeye na mwenzake walipanda basi la masafa marefu kwenda Atchison, mji mdogo wa Kansas uliokuwa na chuo cha watawa Wabenedikto. Basi liliposimama Indiana waliingia mkahawani kununua kinywaji baridi, wakaambiwa kwamba wanaweza kununua lakini si kukaa, watakunywa nje. Walikuwa wametoka katika koloni lililokuwa na sheria za rangi, na hapo, katika nchi waliyoambiwa kuwa ya uhuru, walisimama kando ya barabara na chupa zao. Wengi wa wenzao waliopelekwa majimbo ya Kusini walikutana na makubwa zaidi, na baadhi yao waliingia moja kwa moja katika harakati za haki za raia.

Kazi ilikuwa sehemu ya masomo tangu siku za mwanzo, kwa sababu ufadhili wa karo haukulisha mtu. Wanafunzi waliosha vyombo katika majiko ya vyuo, walifagia kumbi, walipanga vitabu maktabani, na majira ya joto, vyuo vilipofungwa, walitafuta vibarua vya kuwatosha mwaka unaofuata. Kwa kijana ambaye nyumbani aliitwa msomi na kusindikizwa kwa ngoma, kushika ufagio kulikuwa funzo gumu, ingawa wengi waliandika baadaye kwamba walijifunza kuheshimu kazi ya mikono kwa namna ambayo shule za kikoloni hazikuwafundisha.

Wakati huo huo kulikuwa na njia ya pili, ambayo imeandikwa kidogo kuliko inavyostahili. Matangazo ya Kiswahili ya Redio Kairo yalikuwa yakisikika pwani na bara tangu katikati ya miaka ya 1950, Misri ilipokea wanafunzi kutoka Zanzibar, na vijana wa Kenya wasio na pasipoti walivuka Uganda na Sudan, wengine kwa miguu, kufika Kairo na kutoka huko kwenda Moscow, Prague, Leipzig au Sofia. Mwanasiasa wa Kenya Jaramogi Oginga Odinga, aliyezitembelea nchi za kisoshalisti mwaka 1960, alikuwa mlezi mkuu wa njia hiyo, na mwanawe Raila alisoma uhandisi Ujerumani Mashariki. Mwaka huo huo Moscow ilifungua chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kilichopewa jina la kiongozi wa Kongo, Patrice Lumumba, mwaka 1961 baada ya kuuawa kwake. Waliorudi Kenya na shahada za Mashariki walitiliwa shaka na kucheleweshwa kazini, hasa uhasama kati ya Odinga na serikali ulipokua, ingawa nao pia walikuwa wametumwa na watu wao.

Baada ya 1961 serikali ya Marekani ilichukua nafasi kubwa zaidi katika ufadhili, Dar es Salaam ikapata chuo chake mwaka huo huo, na mwaka 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hivyo ndege za kukodi zikakoma. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ikiwa na wizara zilizohitaji watu, na waliosoma kwa safari zile walijaza ofisi, madarasa na hospitali. Mboya aliwaona wengi wao wakirejea; alipigwa risasi na kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38.

Maathai alirejea Januari 1966, baada ya Atchison na Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akiwa na barua ya kuajiriwa kama msaidizi wa utafiti katika chuo kikuu cha mjini Nairobi. Alipofika kuripoti aliambiwa kwamba nafasi ile imepewa mtu mwingine. Alitembea na barua yake kwa miezi, akiuliza mlango hadi mlango, mpaka alipopata kazi katika idara ya tiba ya mifugo ya chuo hicho hicho, ambako profesa Mjerumani alihitaji mtu mwenye ujuzi wa kukata vipande vyembamba vya tishu za mnyama na kuvitazama kwa hadubini, ujuzi alioupata Pittsburgh. Mwaka 1971 alipata uzamivu wake hapo hapo Nairobi.