Kidhibiti, kiendeshi na kiendeshaji

kidhibiti nm (ki-/vi-) kijenzi cha kielektroniki kinachosimamia mawasiliano kati ya ubao mama na diski.
kiendeshi nm (ki-/vi-) kifaa kinachosoma na kuandika data, mf. diski kuu.
kiendeshaji nm (ki-/vi-) programu inayouwezesha mfumo endeshi kukitambua na kukiamuru kifaa.

Matumizi. Utata umo katika kiendeshi, neno linalotumiwa pia kwa programu. Kimaumbo halina kosa: endesha hutoa kiendeshi kama unganisha inavyotoa kiunganishi. Hata hivyo, kiambishi -aji hudokeza mtendaji, kama katika msemaji na mchezaji, na kwa hiyo kiendeshaji chafaa zaidi kwa programu. (Kidhibiti hakihitaji kiambishi tamati, dhibiti tayari huishia na -i.)

Tafsiri isiyotenganisha maneno haya huweza kugharimu data. Chukulia fundi wa seva katika kata ya Kasingirima, Ujiji, anayesoma agizo hili: “Mgongano ukitokea, ondoa kiendeshi cha zamani.” Aliyeandika alikusudia programu, fundi anachomoa diski. Diski hiyo ikiwa mojawapo ya kundi la RAID 5, kundi linabaki bila kinga, na ikiharibika nyingine data hupotea. Katika RAID 0 kundi zima huacha kusomeka papo hapo. Tena kifaa cha kubadilishia kikiagizwa Dar es Salaam, kina zaidi ya kilomita 1,200 za reli kabla ya kufika Kigoma.

Mara nyingi diski huwa nzima. Hali ya kidhibiti cha SATA cha ubaoni ikibadilishwa katika BIOS, kwa mfano kutoka IDE kwenda AHCI au RAID, na kiendeshaji kinachofaa hakijaandaliwa, Windows huweza kusimama ikiwaka na kuonyesha msimbo 0x0000007B. Diski ipo; mfumo hauna njia ya kuifikia. Agizo lililotafsiriwa vyema litasomeka hivi: “Rudisha kidhibiti katika hali yake ya awali, washa seva, sakinisha kiendeshaji kinachofaa na uhakikishe kuwa hupakiwa mapema mfumo unapowaka, ndipo ubadilishe hali ya kidhibiti. Usichomoe kiendeshi chochote.”

Mgongano, si mgogoro. Viendeshaji viwili vinapodai kifaa kimoja, vinagongana; kiambishi -an- cha kutendana kinalibeba wazo hilo barabara. Mgogoro ni wa watu, mipaka na mashamba.

Katika mazungumzo ya mafundi husikika draiva kwa maana ya kiendeshaji. Neno hilo linakubalika katika usemi. Dereva, ingawa lina asili ileile, limekwisha kuwa la mtu aliyeshika usukani, na kulitumia kwa programu kunachekesha kuliko kueleza.